Fundi Kimya Anasafisha Muziki

Kwa heshima na taadhima, mbele ya wasomaji wote, waliokaa na waliokosa viti, inatangazwa rasmi kwamba vita vya wazee na vijana kuhusu muziki vimekwisha, na vijana wameshinda. Sababu ni nyepesi. Masikio ya kijana ni mapya na yana nafasi. Masikio ya mzee yamejaa nyimbo za zamani mpaka mlangoni, hata mgeni akibisha hodi hakuna pa kumkalisha. Mwandishi wa habari hii ni kijana, anasoma shule ya bweni, na anajua anachosema.

Tungeendelea na tangazo, lakini friji imeanza kulia.

Hivyo ndivyo alivyodhani Fundi Kimya asubuhi ile, kikombe cha chai kikiwa njiani kuelekea mdomoni. Alikiweka chini. Ukatokea mvumo mzito, wa chini, wenye mtetemo kidogo kama mtu anayelalamika huku amefumba mdomo. Fundi aliinuka, akaweka sikio kwenye mlango wa friji kama daktari, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akachomoa waya. Mvumo ukaendelea.

"Imekufa, lakini bado inalalamika," alisema.

"Baba watoto, rudisha huo waya, maziwa yangu yataharibika," alisema mkewe bila kugeuka. Alikuwa anajifunga mtandio tayari kwenda kwenye duka la dawa alikokuwa muuzaji. "Hiyo siyo friji. Hiyo ni Dada."

"Dada anaumwa?"

"Dada anatunga."

Dada alikuwa binti yao mkubwa, msichana mpole aliyemaliza masomo na ambaye, kwa maoni ya jirani wa upande wa kulia, alihitaji maombi. Chumbani kwake kulikuwa na kompyuta, maiki mbili na rundo la nyaya. Humo alitengeneza muziki ambao haukuwa na ngoma, haukuwa na gitaa, haukuwa na maneno, wala haukuwa na mahali pa kupiga makofi. Mama alitoa kwenye mkoba wake bunda la pamba ya dukani, akaliweka katikati ya meza.

"Nimewaletea dawa ya masikio. Kila mtu achukue kwa kadiri ya maumivu yake."

Kitindamimba wa nyumba, msichana mwenye busara nyingi kupita umri wake, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alicheka kwa adabu. Tutamtaja tena huko mbele, kwa sifa zinazomstahili.

*

Inafaa kueleza jina. Mafundi wengine wa spika husifiwa kwa kelele: spika zao hutikisa madirisha na kuamsha wagonjwa. Huyu alisifiwa kwa kimya. Ukikodi vyombo vyake kwa harusi au mahafali, kabla msemaji hajafungua mdomo, husikii kitu. Hakuna mvumo wa umeme, hakuna mkwaruzo wa waya, hakuna ule mlio unaowafanya mabibi harusi kuziba masikio. Kazi yake yote ilikuwa kuondoa kile ambacho watu hawakutaka kusikia, na aliifanya sebuleni, ambako makochi yalikuwa yamewapisha amplifaya wagonjwa zamani.

Humo sebuleni alikuja meneja wa ukumbi wa mtaa, mtu aliyeitwa Bwana Ratiba kwa sababu hata kwenye msiba alipeleka ratiba. Hakukaa. Kiti cha wageni kilikuwa na spika, na spika ilikuwa imewahi.

"Fundi, Jumamosi ni jioni ya vijana wenye vipaji. Vyombo utaleta wewe. Mambo yakienda sawa, ukumbi ni wako mwaka mzima. Harusi, mikutano, mahafali, yote."

"Mwaka mzima?"

"Mzima. Wale jamaa wenye spika mpya, zile zenye taa za rangi, wananisumbua kila siku. Nimewaambia wasubiri. Lakini sikiliza, mzee wangu. Nikisikia hata nzi amekohoa ndani ya spika zako, basi."

"Nzi wangu hawakohoi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Na hongera, binti yako yumo kwenye programu. Nimeona imeandikwa 'muziki'. Anapiga nini?"

Fundi alitazama mlango wa chumba cha Dada. Kwa bahati nzuri, nyuma yake palikuwa kimya.

"Anapiga... mashine."

"Kinanda?"

"Jirani yake kinanda."

Bwana Ratiba aliandika "kinanda" kwenye karatasi yake, akaenda zake. Fundi alibaki amesimama na bisibisi mkononi. Mwaka mzima wa kazi ya uhakika! Gari lake la kubebea spika lilikuwa halitembei bila kusukumwa, na wasukumaji walikuwa wameanza kumkwepa barabarani. Mgongo wake nao ulidai kijana wa kubeba mizigo. Halafu palikuwa na karo ya yule kitindamimba mwenye busara, ambayo kila muhula iliandikiwa barua ya kuomba muda zaidi, na barua hizo zilizidi kuwa fupi kadiri aibu ilivyozidi kuwa ndefu.

*

"Mwanangu," alianza jioni ile, akiwa amesimama mlangoni kwa Dada kama mtu aliyekuja kusoma mita. "Hongera. Nimesikia uko kwenye programu."

"Asante, Baba. Nilitaka kukwambia mwenyewe. Niliogopa utafurahi, halafu utauliza ni wimbo gani."

"Ni wimbo gani?"

Dada alibonyeza. Mvumo ukaja, ule wa friji, ukafuatwa na mwingine uliokaa juu yake kidogo, kisha mikwaruzo midogomidogo kama punje za mchele zikimwagwa kwenye sinia. Fundi alisikiliza kwa uungwana kwa muda ambao mtu mwingine angehesabu kuwa mfupi sana.

"Zima, mama. Zima kidogo. Huu ni mvumo."

"Ndiyo."

"Huu ni mvumo ule ule. Ukisikika kwenye spika zangu, ukumbi mzima utageuka kunitazama mimi. Si wewe! Watasema Fundi Kimya amezeeka, vyombo vimemshinda. Nimewalea nyinyi wawili kwa kuuondoa huu mvumo."

"Na sisi tumelelewa ndani yake, Baba. Nilikuwa nalala nyuma ya meza yako. Wenzangu waliimbiwa, mimi nilivumiwa."

"Sasa ndiyo unanilipa hivyo?"

"Silipi. Nasikiliza." Alisema kwa upole, na upole huo ukamuuma baba yake kuliko ukaidi. "Kumbi nyingine zote zimenikataa. Hii ndiyo ya kwanza kukubali, na ni kwa sababu hawakuuliza. Nataka usikike mara moja tu kwenye spika nzuri. Na spika nzuri mtaani hapa ni zako."

Hiyo ilikuwa sifa, na Fundi alijua kuwa ni sifa. Akasema tu, "Ungeweka hata ngoma kidogo. Ya kuzugia." Dada akacheka, akamwambia atampa muziki wenyewe kwenye flashi, aupakie kwenye mashine ya ukumbini kama wengine.

*

Mtu aliyebanwa hutafuta ushauri, na Fundi alimtafuta msomi wa nyumba. Kitindamimba alikuwa amejilaza kwenye mkeka, miguu ikiwa imeegemezwa ukutani, akisoma. Tafadhali msomaji zingatia mkao huo wa tafakuri.

"Msomi," alisema Fundi, maana ndivyo alivyomwita. "Wewe ni kijana. Huu muziki wa dada yako unauelewa?"

"Kabisa, Baba."

"Shuleni mnausikiliza?"

"Hatusikilizi mwingine."

"Basi nieleze. Mimi nasikia mvumo tu."

Msomi alifunga kitabu. Alitazama dari kwa muda wa heshima, kama anavyofanya mwalimu wake wa historia akiwa amesahau mwaka.

"Tatizo la wazee mnaishia juu juu," alisema. "Mvumo ni ganda, Baba. Muziki wenyewe uko chini yake."

"Chini yake?"

"Chini kabisa."

Sasa, maneno kama hayo ukimwambia mtu mwingine atatikisa kichwa na kwenda kulala. Lakini hapa aliambiwa fundi. Kwa fundi, kitu kilicho chini ya mvumo ni kitu ambacho kinaweza kutolewa. Fundi Kimya alimshukuru binti yake kwa dhati, na alipotoka alionekana mwepesi, kama mtu aliyeambiwa kwamba uvimbe wake unapasulika.

*

Alimsubiri Dada atoke kwenda sokoni. Akafunga mlango wa sebule, akavaa hedfoni zake nzito zilizofungwa utepe pembeni, akafungua kompyuta ya karakana. Ndani yake kulikuwa na programu ya kusafishia sauti, aliyoitumia kuokoa hotuba za harusi zilizorekodiwa karibu na jenereta. Akaingiza flashi aliyopewa na Dada.

Hakuwa na nia mbaya. Aliona kila kitu vizuri: mvumo utatoka, muziki uliofichwa utajitokeza, Bwana Ratiba atasikia kinanda au ndugu yake kinanda, Dada atapigiwa makofi, na nyumba itapata mwaka mzima. Atamweleza baadaye. Atasema, mama, nimekufutia vumbi tu.

Kazi haikuwa rahisi. Mvumo wa kwanza aliutambua mara moja, ukatoka bila ubishi. Wa pili ulikuwa mjanja, ulipanda na kushuka, na ilibidi aufuate kila ulipokwenda, arudi nyuma, asikilize tena, aukate kipande kwa kipande. Kuna mahali uliungana na mikwaruzo kwa namna ambayo ilimfanya asimamishe mkono. Akarudia pale. Akarudia tena, na safari hii hakuwa anatafuta cha kukata. Alijikuta amefumba macho. Akajikemea, akaendelea na kazi.

Alipofika mwisho, karibu kila kitu kilikuwa kimetoka. Akarudi mwanzo, akaongeza sauti hadi juu, akasubiri muziki.

Akasikia kiti kikilalamika. Akasikia bisibisi ikiwekwa mezani. Kisha, mbali, akasikia sauti ya mwanamume ikisema taratibu, kwa mapenzi ambayo mtu huwa nayo akidhani yuko peke yake:

"Haya, mzee wangu. Tulia. Tulia. Unaumwa wapi?"

Fundi alivua hedfoni, akatazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Akazivaa tena.

"Unaumwa wapi? Hapa? Hapa je? Pole, pole. Nimekuona."

Ilikuwa sauti yake. Alikuwa akizungumza na amplifaya. Hakujua kwamba alikuwa na tabia hiyo. Mkewe alijua, binti zake walijua, jirani wa kulia alijua na kumwombea, ila yeye hakujua. Dada alikuwa ameweka maiki nyuma ya meza ya baba yake, siku nyingi, amplifaya moja baada ya nyingine, akirekodi mivumo yote kabla haijaponywa. Mivumo ile ilikuwa yake. Kila mmoja aliwahi kuushika mkononi.

Aliketi pale mpaka skrini ikazimika yenyewe. Ndipo akakumbuka jambo la pili, akashika kichwa: alikuwa amehifadhi kazi yake juu ya ile ya kwanza. Kwenye flashi, muziki wa Dada haukuwapo tena. Palikuwa na yeye tu.

*

Alimkuta Dada jikoni akimenya vitunguu, jambo lililosaidia, maana wote wawili walikuwa na sababu ya macho mekundu.

"Nimekukosea," alisema. "Muziki wako nimeusafisha."

"Umeufanya nini?"

"Mazoea. Msomi aliniambia muziki uko chini. Nikauondoa mvumo wote. Halafu nikahifadhi juu yake."

Dada aliweka kisu chini. Hakupiga kelele, na Fundi alitamani apige. "Baba, ningekuja kwako nikatoa nyaya zote kwenye amplifaya, nikakwambia nimekusafishia, ungesema nini?"

"Ningekufukuza."

"Mimi sina pa kukufukuzia. Nyumba ni yako."

Kitunguu kikaendelea kufanya kazi yake.

"Ile ya kwanza ninayo kwenye kompyuta yangu," alisema Dada mwishowe. Fundi akashusha pumzi. "Sasa niambie. Uliondoa mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Mwisho kabisa? Hata pale mivumo miwili inapopishana?"

"Pale palinipa taabu. Nilirudia sana. Ule wa juu ni wa amplifaya ya kwaya, sivyo? Ile iliyolowa mvua."

Dada alifuta macho kwa kiwiko.

"Basi wewe ni mtu wa kwanza kuusikiliza mpaka mwisho," alisema.

Fundi alichukua kisu, akaanza kumenya kitunguu kingine, vibaya.

"Ila ile sauti yangu," alisema, "itasikika ukumbini?"

"Mvumo ukiwepo, haisikiki. Mpaka mtu ajue pa kusikiliza."

"Basi uwepo," alisema Fundi Kimya. "Uwepo mwingi."

*

Jumamosi jioni ukumbi ulijaa. Kwaya iliimba, mchekeshaji alichekesha waliotaka kucheka, na spika za Fundi zilikaa kimya katikati ya mambo kiasi kwamba Bwana Ratiba alimpungia mkono mara mbili kutoka mlangoni. Kisha Dada akapanda jukwaani, akaketi mbele ya kompyuta yake, akainamisha kichwa.

Mvumo ukaanza.

Ukumbi mzima uligeuka, kama Fundi alivyotabiri, kumtazama yeye. Mama mmoja wa mstari wa nyuma alisema kwa huruma, "Masikini, vyombo vimemharibikia siku ya mtoto wake." Bwana Ratiba alikuja mbio za heshima, ratiba mkononi.

"Fundi! Mvumo!"

"Nausikia."

"Sasa zima! Fanya kitu! Kinanda kiko wapi?"

Fundi alikuwa na mkono kwenye kitufe ambacho kingemaliza yote. Angeweza kusema ni umeme. Kila mtu angeamini, Dada angesamehe, na mwaka mzima ungekuwa wake.

"Meneja," alisema, "huo siyo ubovu. Huyo ni binti yangu."

"Nilikwambia hata nzi!"

"Nzi hayupo. Ni muziki. Kama ni wa kulaumiwa, mivumo yote hiyo imetoka kwangu."

Bwana Ratiba aliandika kitu kwenye ratiba. Fundi hakuona kilichoandikwa, kwa sababu wakati huo huo alisikia jambo lingine. Ndani ya mvumo ule kulikuwa na mvumo mmoja usiokuwa wa Dada. Mwembamba, mkavu, upande wa kushoto. Alitazama jukwaani. Dada naye alikuwa ameinua kichwa, anatazama kushoto.

Basi Fundi, akiwa ndani ya suti yake ya harusi za watu, alipiga magoti, akalala kifudifudi, akaingia chini ya jukwaa mbele ya hadhara. Watu walicheka. Alitambaa kwenye vumbi mpaka kwenye spika ya kushoto, akapapasa, akakuta waya uliolegea, na waliokuwa karibu wanasema walimsikia akiuliza unaumwa wapi. Akaubana. Mvumo mwembamba ukafa. Watu wakapiga makofi kwa nafuu, wakidhani hatimaye amerekebisha, na muziki ukaendelea kuvuma vile vile, wala hawakujua wafanye nini na mikono yao. Dada peke yake aliitikia kidogo kwa kichwa kuelekea chini ya jukwaa: sawa.

Fundi alisikiliza sehemu iliyobaki akiwa humo humo chini.

Ulipoisha, Mama alisimama, akapiga makofi kama anayefukuza kuku. Wachache walimfuata, mmoja akauliza kama umeisha kweli. Bwana Ratiba aliwapita akiwa ameshika simu.

"Fundi, tutakupigia," alisema.

Fundi alikuwa ameshapigiwa na watu wengi kwa namna hiyo, na alijua simu ile haiiti. Siku hizi ukumbini pale kuna taa za rangi. Gari bado linasukumwa.

*

Walikuwa wanakunja nyaya, Fundi na Msomi, ukumbi ukiwa mtupu. Fundi alikuwa na utando wa buibui begani na uso uliotulia.

"Msomi, nisaidie. Ile sehemu ya katikati, mivumo inapopishana, nilikuwa chini, sikuisikia vizuri. Hapo juu ilisikikaje?"

Msomi hakujibu. Fundi akauliza tena kwa sauti zaidi.

"Ilikuwa nzito, Baba," alisema Msomi, akitazama dari. "Ya chini kabisa."

Fundi alisogea. Alimtazama sikio la kulia, kisha la kushoto, vile anavyotazama amplifaya. Kwa vidole viwili akachomoa kipande cha pamba, kikubwa kuliko kinavyostahili. Akachomoa na cha pili. Akaviinua kwenye mwanga.

"Dada!" aliita. "Njoo uone chini kabisa."

Walicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Nasi hatuna budi kusema ukweli, maana mwenye pamba zile anaandika haya huku baba yake akisoma juu ya bega lake. Ni mimi. Ule muziki sikuuelewa hata siku moja. Shuleni hatuusikilizi. Neno la "ganda" nililitunga pale pale mkekani, miguu ikiwa ukutani, na yote niliyoandika kuhusu ulivyosikika ukumbini nimeyapata kwa Baba, ambaye huyasimulia kila chai ya asubuhi. Tangazo la mwanzo linafutwa.

Adhabu yangu ni kukaa kwenye meza yake na hedfoni za utepe, bila pamba, nikiusikiliza muziki wa Dada mpaka mwisho. Mara ya kwanza nilisinzia. Baba alinigusa bega, akaurudisha mwanzo, akaenda zake kimyakimya.

Sasa nimefika katikati. Ule wa juu ni wa amplifaya iliyolowa mvua. Na kwa mbali sana, chini ya yote, kuna mtu ananiuliza ninaumwa wapi.